Shanga Nyekundu Mchagoni

Kasama, 4 Februari 2015

Shangazi yangu Mukuka,

Shikamoo. Kama huko Livingstone jua bado linawachoma, sisi huku tumelowa mpaka roho. Mvua imeangusha choo cha jirani na mihogo imeanza kuozea ardhini, lakini kisamvu kipo tele, tunakula mpaka meno yamekuwa ya kijani. Binti yetu Chola amejifungua mtoto wa kike. Wamempa jina la mama yako, kwa hiyo jiandae kuheshimiwa na kuombwa zawadi. Na mkamwana wako, ameacha kukupikia ugali mlaini kama uji wa mgonjwa? Nasikia ulimrudishia sahani mbele ya wageni. Shangazi, wewe hujazeeka vizuri.

Mimi sijambo. Nywele zimerudi, nyeusi zimechanganyika na mvi. Mkono wa upande ule waliokata titi bado unavimba nikitwanga, basi wanatwanga wengine. Hospitali ya Lusaka wamesema niendelee kurudi kuangaliwa, na kidonge nimeze kila siku kwa miaka. Namshukuru Mungu. Wengine niliolazwa nao hawakurudi kwao.

Sasa nina jambo. Si langu. Unajua sisi makungwi hatukosi watu wa kutuletea mizigo yao. Kuna mwanamke mmoja wa parokia yetu, umri wangu hivi, naye alikatwa titi kama mimi. Mumewe yupo, mtu mwema. Huyu mama anasema tangu matibabu kitanda kimemgeuka. Siku zake zilikoma ghafla, na mwili wake kule chini umekauka. Mumewe akimjia anaumia kama amepakwa pilipili, anauma shuka ili asilie. Hamu yenyewe haipo; anasema hata akiitafuta haioni. Alikuja kwangu nimfunde upya, nikakaa naye nikakosa neno. Nimewafunda wari wangapi, Shangazi, kwa ngoma na nyimbo na vile vinyago vya udongo ulivyonikabidhi wewe mwenyewe? Na hamna wimbo hata mmoja unaomtaja mwanamke wa namna hii.

Nakuandikia kwa sababu simu yangu inashikwa na kila mtu humu ndani, na haya si ya kusemea kwenye simu. Huyo mama ana haraka kidogo. Nimwambie nini?

Mwanao,
Nkandu


Livingstone, 2 Machi 2015

Nkandu, mwana wa kaka yangu,

Marahaba. Huyo mtoto aliyebeba jina la mama yangu mwambie heshima nimeipokea, zawadi aombe kwa babu yake. Magoti yananisumbua, macho yananisumbua, na mkamwana ananisumbua kuliko vyote. Ameacha kupika ugali mlaini. Sasa anapika mgumu wa kujengea nyumba. Nadhani ni kisasi.

Habari za huyo mama wa parokia nimezisoma. Mwambie hivi: mwanamke aliyefundwa hakosi dawa. Ile mizizi ya kukaza na kukausha, si inauzwa hapo sokoni kwenu, karibu na wauza viwavi? Kama pameharibika ni baridi ya hospitali imemwingia. Ajifukize, aiweke ile mizizi, mume atamwona kigori. Maumivu ni ya siku mbili tatu, akaze moyo. Nasi wote tulikaza. Na mwambie atoe zile shanga nyekundu mchagoni, aweke nyeupe. Nyekundu ni za siku chache za mwezi, si za kutundikwa mwaka mzima. Mwanamume aliyefundwa hathubutu kuuliza, lakini ana macho.

Nimesema kwa ukali kwa sababu simjui, na mtu nisiyemjua siwezi kumdekeza.

Katika barua nzima umetaja mpaka choo cha jirani, lakini Baba Chola hukumtaja. Hajambo?

Shangazi yako,
Mukuka


Kasama, 29 Machi 2015

Shangazi,

Shikamoo. Mtoto hajambo, analia kama mama yako alivyokuwa akiimba, yaani bila kujali walio karibu. Choo cha jirani kimejengwa upya.

Baba Chola hajambo. Anakwenda ghalani kwake, anagawa mbolea ya ushirika, anarudi, anakula. Tangu mwaka jana analala sebuleni. Anasema godoro letu linamuumiza mgongo. Analala kwenye kochi, Shangazi, mtu mrefu vile, miguu imening'inia nje. Asubuhi anakunja blanketi kabla watoto hawajaamka, nami najifanya sioni.

Umeshajua. Nadhani ulijua tangu mstari wa kwanza. Huyo mama wa parokia ni mimi.

Naona aibu mpaka kalamu inateleza. Mganga hajigangi, ndiyo, lakini mganga hajifanyi mtu mwingine ili akaombe dawa. Nina miaka arobaini na minane. Nimesimama mbele ya wari na ngoma nikacheza kila kinachofanyika chumbani, wazee wakacheka mpaka wakashika mbavu, nikasifiwa kote huku. Na kitanda changu mwenyewe kimenishinda.

Mizizi niliinunua. Nilifanya kama ulivyosema, tena kwa bidii, maana nakutii. Nilitoa damu, na vidonda vikanikaa hata kukojoa ikawa kazi. Jumapili nilisimama Misa nzima kwa sababu sikuweza kukaa. Watu wakasema, tangu apone Mama Chola ana ibada kweli.

Shanga nilizitundika mimi. Wewe ndiye uliyenifunda: nyekundu zikining'inia mchagoni, mume anajua mke yuko mwezini, anageukia upande wake na haulizi. Anayeuliza amemtukana mkewe. Basi nilipochoka kuuma shuka nilizitundika, nikasema ni kwa wiki moja nipumzike. Wiki ikaisha nikaziacha. Mwezi nao ukapita. Siku zangu zenyewe zilishakoma na dawa za Lusaka, na daktari alisema hivyo Baba Chola akiwa amekaa pale pale kitini. Kwa hiyo anajua nadanganya, na mimi najua kwamba anajua, na tunakula ugali sahani moja.

Lakini na yeye hakupambana sana. Siku nesi alipofungua bandeji kifuani mara ya kwanza, aligeuza uso. Kidogo tu. Niliona. Tangu hapo nikivua nguo namgeuzia mgongo nimrahisishie.

Nimeamua hivi: baada ya Pasaka nitakwenda kwa dada yake, nimwambie wamtafutie mwingine. Afadhali niseme mimi kabla hawajasema wao. Na vinyago tuma mtu avichukue. Wameniletea mwari nimfunde, nimesema naumwa. Siwezi kumfundisha mtoto wa watu chakula nisichoweza kupika.

Jambo moja, Shangazi. Katika barua yangu ya kwanza sikuandika neno lolote kuhusu shanga. Umejuaje?

Nkandu


Kasama, 20 Mei 2015

Shangazi,

Shikamoo. Pasaka imepita, mahindi yamevunwa, barua yako haijafika. Posta nimekwenda mpaka yule kijana wa dirishani ananitikisia kichwa kabla sijasema. Kama nimekuchukiza niambie. Kama ni mgonjwa, mwambie mwanao apige simu aseme neno moja tu.

Kwa dada yake Baba Chola sikwenda. Nilifika mpaka getini, nikasikia anawachekesha watu ndani, nikarudi.

Nimepata njia nyingine. Mwenzangu mmoja wa wodini ameniambia kidonge ndicho kinachokausha. Basi nimeacha kumeza. Titi walilichukua nikakubali, kwa kuwa lilikuwa linaniua. Hiki kitanda kilichobaki nacho kinachukuliwa, na kinachokichukua nakimezea maji mwenyewe? Baba Chola ndiye anayeniletea kikombe cha maji kila asubuhi. Napokea, nashukuru, nasubiri ageuke, nakitema kidonge kwenye kanga, kinakwenda chooni. Najua cheti cha hospitali kimeandika kwamba nikiacha, saratani inaweza kurudi. Afadhali niishi kidogo nikiwa mke kuliko niishi sana nikiwa mgeni nyumbani kwangu.

Usimwambie mtu. Nimekuambia kwa sababu hata ukinyamaza, angalau kuna mtu atakayekuwa anajua.

Nkandu


Livingstone, 11 Juni 2015

Nkandu,

Sina salamu. Weka barua hii chini, meza kidonge, ndipo usome.

Umemeza? Haya. Marahaba.

Ulipouliza nimejuaje habari za shanga, sikuwa na uongo wa kukutosha, ndiyo maana nikanyamaza. Nilikuwa nimeshika neno la mtu. Sasa nalivunja, kwa kuwa aliyeniapisha hakujua kwamba unajiua. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi sitaki kukuosha wewe, mtoto. Wewe ndiye wa kuniosha mimi.

Mumeo alinipigia simu karibu na Krismasi. Unajua desturi: mume akiwa na shauri la chumbani halipeleki kwa mama mkwe, analipeleka kwa aliyemfunda mkewe. Niliposikia sauti yake nikasema leo binti yangu anashtakiwa, nikakaa vizuri kwenye kiti nijitayarishe kuona aibu. Hakushtaki. Alisema, na namnukuu kama alivyosema: "Shangazi, mimi nimemkosea Mama Chola. Ameniwekea nyekundu, na daktari alisema siku zake hazirudi tena. Maana yake ananiambia nisimguse maisha. Ni haki yake. Pale hospitali nilipoona kile kidonda nilisikia kizunguzungu, nikageuka nishike kitanda nisianguke. Yeye akaniona nimegeuka. Sasa nafanyaje?" Kisha akalia. Mwanamume mzima, kwenye simu, salio linakwisha.

Unajua nilimjibu nini? Kama tulivyofundwa: usimuulize, ni kumtukana. Hama, lala kando, atakuita mwenyewe. Ndiyo kochi hilo. Halafu wewe ukaniandikia, nikakuambia utumie mizizi. Nilidhani umemkinai tu, na nilitaka kukusukuma bila kumtaja yeye. Naona aibu, Nkandu. Sijawahi kuiandika sentensi hiyo tangu nijue kuandika.

Barua yako ya Mei iliponifikia nilivaa viatu nikaenda hospitali hapa, kuna nesi mmoja anayeangalia wanawake waliokatwa. Nikaanza, "Sista, kuna mwanamke mmoja wa kanisani kwetu…" Akasema, "Mama, kila anayekaa kwenye hicho kiti ana mwanamke wa kanisani kwao." Nikamaliza kwa kutazama sakafu.

Amesema hivi. Ukavu ni kazi ya dawa na ya siku kukoma mapema. Huna kosa, hujafundwa vibaya, wala si baridi. Wanawake wengi sana wanaupata na hawasemi. Kidonge usiache hata siku moja kwa uamuzi wako. Nenda kwa madaktari wako uwaambie yanayokupata, wao ndio wanaojua kama kuna cha kubadilisha. Kuna jeli ya maji inauzwa duka la dawa, inapakwa wakati ule, na nyingine ya kutumia siku za kawaida ili ngozi ilainike. Dawa nyingine yoyote ya kupaka au kuweka huko usiiguse kabla hujawauliza, maana nyingine zina homoni. Msiharakishe. Na mwanzoni si lazima mfike mwisho wa safari kila mnapoondoka nyumbani. Hilo la mwisho alilisema hivyo hivyo, yule mtoto, hana hata aibu.

Aliniuliza pia ni nani aliyempa mgonjwa ushauri wa mizizi. Nikamwambia ni mwendawazimu fulani.

Vinyago siji kuvichukua. Mwambie mumeo unaumia. Mwambie kwa mdomo. Mficha uchi hazai, na wewe umeuficha kwa yule yule aliyekuzalisha.

Mukuka


Kasama, 16 Agosti 2015

Shangazi yangu,

Shikamoo. Baridi imepungua na watu wameanza kuchoma majani, basi nguo zote zinanuka moshi. Mtoto ameota meno mawili na amemng'ata babu yake kidole. Babu anamwonyesha kila mtu ghalani.

Nilimeza. Nilimeza kabla ya kusoma mstari wa tatu, kwa sababu nakuogopa.

Kisha nikakaa na barua yako siku kadhaa, nikiipanga kichwani jinsi nitakavyosema. Nilikuwa na maneno mazuri. Siku yenyewe tulikuwa uani tunamenya karanga za mbegu, kila mtu na ungo wake, na maneno yote yakaruka.

"Baba Chola."

"Naam."

"Shangazi ameniandikia kwamba ulimpigia simu."

Akaacha kumenya. "Yule mama! Aliniapia kwa kaburi la baba yake."

"Ndiye huyo huyo."

Tukamenya tena. Kisha nikasema, "Mimi sikukukataa. Naumia."

"Unaumia wapi?"

Shangazi, mimi niliyeimba mambo haya kwa ngoma mbele ya ukumbi mzima wa wanawake, nilishindwa kumwambia mwanamume mmoja aliyenizalisha watoto wanne. Nilitazama karanga. Nikasema, "Kule."

Kuku wakaja kula kwenye ungo wake, naye hakuwafukuza. "Na ile siku niliyokuona umeuma shuka?"

"Uliniona?"

"Nilidhani ni kidonda cha kifua. Nikajiambia, nikimuuliza nitamkumbusha."

"Mbona hukuuliza habari za nyekundu?"

"Nilifundwa nisiulize. Nyie ndio mnaotufunda hivyo, Mama Chola. Au sasa tubishane na ngoma?"

Nilicheka, nikalia. Nikaona hapo hapo nimalizie na la vidonge. Hilo hakulichekea. Alisimama, akamwaga karanga zake zote, akasema, "Na maji yote yale? Kila asubuhi, maji yote yale, nakuletea ukateme?" Akazunguka nyumba. Akazunguka tena. Jirani akamsalimia hakuitika. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema kwa sauti ndogo, "Ulitaka kufa ili usiniambie kwamba unaumia." Nimeona aibu nyingi mwaka huu lakini hiyo ndiyo iliyozidi zote.

Tulikwenda Lusaka pamoja. Daktari ni kijana, umri wa mwanangu wa kwanza, ana pete mpya kidoleni. Akauliza, "Mama, una tatizo gani?" Nikasema mgongo. Baba Chola akakohoa. Nikasema mgongo na usingizi. Baba Chola akasema, kwa ile sauti yake ya kuita wenye zamu ya mbolea, "Daktari, mke wangu anaumia tukikutana, akaacha dawa kwa ajili yangu. Tusaidie." Nilitaka sakafu inimeze. Mlango ulikuwa haujafungwa vizuri, na benchi nje limejaa. Nilipotoka wanawake wote wa benchi walinitazama. Hakuna aliyecheka. Mmoja, mtu mzima kunishinda, alinishika mkono wa nguo akauliza polepole, "Amekupa nini?" Nikamwonyesha karatasi ya dawa, akaisoma akisogeza midomo.

Kijana alisema yale yale ya nesi wako. Kwa kuacha kidonge alinigombeza kama mtoto, na nilistahili. Wamechukua vipimo kuona kama nimejiharibia. Majibu mwezi ujao. Naogopa, sitakudanganya. Kidonge namezeshwa sasa: Baba Chola anasimama mbele yangu mpaka nifungue mdomo aone ulimi. Kochi limebaki la wageni.

Mwari wa watu bado ananisubiri. Nimewaambia nitamfunda. Pale penye mizizi sijui nitasimama vipi na wale wazee wananitazama, lakini sitampa.

La mwisho sikutaka kuliandika. Juzi tulijaribu. Sikumgeuzia mgongo. Aliniangalia kifuani, na hakugeuka, ingawa nilimwona anameza mate kama mtu anayepanda ngazi ndefu. Ile jeli ilimwagika, tukateleza kama watoto kwenye tope, na bado niliumia, si kama zamani, ila niliumia. Nikasema, "Basi." Mara ya kwanza katika ndoa yangu nimesema basi. Akaacha. Tukalala pale tumeshindwa, watu wazima wawili, wajukuu wamelala chumba cha pili, tukacheka mpaka tukaziba midomo kwa mto.

Sasa hivi amepita hapa akauliza nakuandikia nini kirefu hivyo. Nikamwambia, namwandikia Shangazi kwamba tumeshindwa. Akasema, "Mwandikie pia kwamba Jumamosi tunajaribu tena."

Shangazi, uso unaniwaka kama jiko. Lakini nimeandika.

Mwanao,
Nkandu